Vichwa vya Uongo Nilivyompelekea Zakayo

Kimumu, Eldoret, Alhamisi asubuhi. Mvua ya usiku imekatika, bati bado linadondosha matone, na kichwa hakiumi.

Naiandika tena sentensi hiyo kwa raha zangu. Kichwa hakiumi.

Nimechana nywele mwenyewe. Nimekula hindi la kuchoma, polepole, kwa meno niliyobaki nayo, na taya halikuchoka. Nimefumba jicho la kushoto nikatazama nje kwa la kulia peke yake: ua wa jirani, kuku wake, kamba ya nguo, shati jekundu kwenye kamba. Vyote viko mahali pake. Nimecheka peke yangu kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Nina furaha ya kitoto, na nina jambo la kuungama. Nataka nimalize yote mawili kabla ya chai ya saa nne.

Ninyi wachache mnaosoma blogu hii mmenizoea, kwa hiyo sitawazungusha. Ninakaribia miaka tisini. Moyo wangu umechoka, daktari alishaniambia waziwazi, na sitarajii kuona ngano ikivunwa mara nyingi tena. Hilo halinisumbui. Nilifundisha shule za msingi maisha yangu yote. Nimezoea kwamba kengele ikilia watu wanaondoka.

Kilichokuwa kinanisumbua ni kuondoka na uongo wangu.

Uongo huo nilimwambia mume wangu Zakayo, kabla hajawa mume wangu. Nilimwambia kwamba kichwa kinaniuma.

Hakikuwa kinauma.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa wazungu, huko Ainabkoi. Baba yangu alichunga ng'ombe wa kaburu mmoja aliyelima ngano na pareto, nasi tuliishi kwenye laini za wafanyakazi, nyumba za udongo zilizoezekwa bati. Nilikuwa nimemaliza shule ya misheni na kuahidiwa nafasi katika chuo cha ualimu. Nikingoja nafasi hiyo, nilichuma pareto pamoja na Mama na wanawake wengine. Ainabkoi iko juu na baridi yake inaingia mpaka kwenye kucha. Unachuma yale maua meupe, kikapu kimefungwa kiunoni, vidole vimekufa ganzi, kisha maua yanapelekwa kwenye banda la kukaushia, ambako moto haukuzimwa msimu mzima.

Kando ya banda hilo palikuwa na chumba kimoja chenye benchi nje. Hiyo ndiyo ilikuwa dispensari yetu. Dresa wake, mtoa dawa na mfunga vidonda, alikuwa kijana kutoka upande wa Kakamega, mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi hata siku za matope. Huyo ndiye Zakayo.

Siku zile tiba ya kichwa ilikuwa kidonge cheupe cha dukani, au kuchanjwa kwa wembe kando ya macho na kupakwa dawa ya mzee fulani. Wengi wetu tulikuwa na alama hizo za chale. Zakayo hakutoa kidonge kabla ya kuuliza, naye aliuliza kwa sauti, benchi zima likasikia.

"Ukiniambia kichwa kinauma, ni kama umeniambia mbwa anabweka," alikuwa akisema. "Mimi nataka kujua anabwekea nini."

Kimeanza lini? Kinabana kama kamba au kinadunda kama mtu anayetwanga? Upande mmoja au pande zote? Ukiinama kinazidi? Mwanga unakuudhi? Umetapika? Leo umekunywa maji? Na swali la mwisho, ambalo watu walilicheka sana: nani mwingine nyumbani anaumwa?

Niliyapenda maswali yale. Niseme sawasawa, kwa kuwa leo ni siku ya kusema: nilimpenda muulizaji. Msichana wa misheni, binti wa Kinandi, hangeweza kumwendea kijana wa Kiluhya na kusimama naye hivi hivi akipiga gumzo. Lakini mgonjwa angeweza kuulizwa maswali kwa muda mrefu, na hakuna mtu angesema neno.

Basi nikaumwa.

"Kichwa?" nyapara aliniuliza siku ya kwanza. "Si saa hii nimekusikia ukiimba?"

"Kimeanza sasa, Mzee."

"Haya nenda. Na hiyo kichwa irudi na mwenyewe haraka, kikapu haijajaa."

Nilimwambia Zakayo kinabana kama kitambaa kilichokazwa. Akanibonyeza nyuma ya shingo kwa vidole viwili, akasema misuli imekaza kwa sababu nimeinama tangu asubuhi, akanipa kikombe kikubwa cha maji, akanifundisha kuzungusha mabega. Kidonge hakunipa. Aliniambia kila nikijaza kikapu nisimame wima kidogo, na hapo hapo nikawa nimetibiwa. Yule mama aliyekuwa nyuma yangu kwenye benchi alikuwa ameshaanza kueleza tumbo lake.

Nikaona nahitaji ugonjwa mrefu zaidi.

Mke wa kaburu alikuwa na kipandauso cha kweli. Shamba zima lilijua siku zake: mapazia yanashushwa, mbwa wanafungwa mbali, mpishi anatembea pekupeku ndani ya nyumba. Zakayo alikuwa ameeleza pale kwenye benchi jinsi kinavyokuja. Kwa wengine kwanza vinatokea vimulimuli, mstari unaong'aa uliokunjika kama meno ya msumeno. Kisha upande mmoja unadunda, mtu anatapika, mwanga unamchoma, hata harufu ya kitunguu inamuudhi. Nikayashika yote kichwani kama somo la mtihani.

Nilikwenda nacho siku ya jua kali. Nilisema kinadunda upande wa kushoto. Nilisema nimeona meno ya msumeno. Hata kutapika niliweka.

Zakayo alisikiliza kwa uso wa ibada. "Mwalimu," akasema, maana aliniita hivyo tangu aliposikia habari za chuo, "hiki si cha mchezo. Dawa yake ni giza na kimya."

Akanilaza kwenye stoo juu ya magunia, akaniwekea kitambaa cha maji baridi usoni, akafunga mlango.

Nililala humo mchana kutwa. Nilimsikia ng'ambo ya ukuta akiuliza watu maswali, akicheka, akisimulia habari za ng'ombe wa mjomba wake aliyeingia kanisani wakati wa sadaka. Hakuna swali hata moja lililokuwa langu. Sijawahi kupona haraka namna ile.

Wala sikukoma. Nilikwenda na kichwa cha mafua, kile kinachojaa nyuma ya mashavu na kuzidi ukiinama. Akanifunika blanketi juu ya sufuria ya maji moto yenye majani ya mkaratusi, nikatoka nimelowa kama kuku anayetaka kunyonyolewa, mbele ya kijana niliyetaka anione mrembo. Nilikwenda na kichwa cha malaria, nikadai nimetoka kumtembelea shangazi huko Chepsaita kwenye joto. Akaniwekea kipimajoto kwapani, akakitazama, akakitikisa, akakirudisha, akakitazama tena.

"Homa imekataa kuja," akasema.

Kila nilipotokea kwenye benchi aliniuliza, "Mwalimu, leo kimehamia wapi?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Nilidhani ni mzaha wa dresa kwa wagonjwa wake.

Kilichonimaliza ni kichwa cha vidonge. Kulikuwa na bibi mmoja wa laini zetu aliyemeza vidonge vya dukani asubuhi na jioni, kila siku, na kila siku kichwa kinamuuma. Zakayo alimwambia kwamba sasa vidonge vyenyewe ndivyo vinavyokiita kichwa, na dawa ni kuviacha. Siku za mwanzo zitakuwa mbaya, halafu patakucha. Bibi alimtukana. "Wewe mtoto wa watu, umetoka kwenu kuja kuninyang'anya dawa?" Baada ya muda alirudi na mayai kwenye kitambaa.

Nami nikadai nameza vidonge kila siku.

Zakayo alifunika chupa ya vidonge. "Basi dawa yake unaijua, ulikuwa hapa nikimweleza bibi. Ni kuacha. Uache vidonge, na uache dispensari pia. Usikanyage hapa mpaka nikuite."

Nikawa nimejifungia mlango kwa mkono wangu mwenyewe.

Wakati nikitumikia adhabu hiyo, baridi ya Julai ikaingia. Na hapa ndipo mchezo ulipoisha.

Mama alikulia kwenye nyumba ya nyasi, ambamo moto wa kuni unatoa moshi, moshi unakukohoza, kisha unatafuta njia yake juu kwenye paa. Kwa akina mama wa umri wake, ubaya wa moto ulikuwa moshi. Kwa hiyo wanawake wa laini walipogundua kwamba jioni wanaweza kuchukua makaa mekundu kutoka banda la pareto, wakayabeba kwa debe lililotobolewa na kuyaingiza ndani, waliona wamepata baraka. Hayana moshi, hayakohozi mtoto, yanakaa na joto mpaka asubuhi. Jioni moja ilinyesha mvua ya mawe. Baba alikuwa zamu kwenye boma la ng'ombe. Mama akachukua magunia matupu ya pareto akaziba kila ufa, chini ya mlango, na kati ya ukuta na bati, akaweka debe katikati. Tukalala watatu: Mama, mdogo wangu Leah, na mimi karibu na mlango.

Asubuhi nilijikokota kuamka. Kichwa kilikuwa kinapasuka na miguu haikuwa yangu. Nilisukuma mlango nikatoka, nikatapika kwenye nyasi, kisha nikamwita Mama.

"Niache nilale," alisema. "Kichwa, kichwa." Akageukia ukuta. Leah hakujibu chochote cha maana.

Sikujua ni nini. Nilidhani ni homa. Nilifikiri pia, nikiwa msichana wa misheni, kwamba Mungu amevikusanya vichwa vyangu vyote vya uongo na kuvileta kwetu siku moja.

Niliteremka kwenda dispensari nikishika ua. Njiani nilikuwa na hofu moja iliyozidi hata maumivu: kwamba hiki hatakiamini. Maneno yote ya kuumwa nilikuwa nimeshayatumia.

Zakayo alikuwa anapanga chupa. Aligeuka. Hakuniita Mwalimu, hakuniuliza kimehamia wapi, wala hakunikumbusha kwamba sijaitwa. Alinitazama usoni, kisha akauliza swali lake la mwisho kabla ya mengine yote.

"Nani mwingine nyumbani anaumwa?"

"Mama. Na Leah."

Nilisikia chupa ikivunjika. Alikuwa ameshanipita akikimbia.

Nilipofika alikuwa amemtoa Mama nje na kumlaza kwenye nyasi, mvua nyepesi ikimnyeshea, naye anaingia tena kumchukua Leah. Mlango ulikuwa wazi, magunia yametupwa, debe limepinduliwa kwenye tope likifoka mvuke. Jirani yetu alikuja mbio na kibuyu cha maziwa lala, tayari kummiminia Mama mdomoni.

"Usimpe kitu, mama, atapaliwa," Zakayo alimwambia. "Mpe hewa. Sogeeni, mumpe hewa."

Akawalaza kwa ubavu, akapiga magoti kati yao. Leah alilia kwanza, na sijawahi kusikia kilio kizuri kama kile. Mama alichelewa. Alichelewa mpaka jirani akaanza kusali. Kisha akafungua macho, akatazama debe kwenye tope.

"Nani amemwaga moto wangu?" akauliza.

Kabla ya adhuhuri kichwa changu kilikuwa kimeniachia. Zakayo alinieleza kwamba hiyo ndiyo alama yake: kichwa cha makaa, cha ile sumu yao isiyoonekana wala kunuka, kinawashika wote walio ndani pamoja, na ukitoka nje kwenye hewa kinaanza kulegea. Ndiyo maana anauliza nani mwingine. Siku hiyo alipita nyumba kwa nyumba akiyatoa madebe nje, na akatukanwa na nusu ya wanawake wa laini ile, akiwemo yule bibi wa mayai.

Baba hakuwa na neno la kumpinga Mluhya aliyemtoa mke wake na mtoto wake kwenye nyumba ile. Nilikwenda chuo, nikarudi, tukafunga ndoa kanisani hapa Eldoret, mji ambao wazee wetu walikuwa wakiuita Sisibo.

Sikumwambia.

Mwanzoni niliona aibu. Baadaye ikawa vigumu zaidi, kwa sababu ya maneno aliyopenda kuyasema tukiwa mezani, watoto wakisikiliza. "Mimi," angesema, akinitazama juu ya kikombe, "hakuna kichwa kilichowahi kunidanganya." Nami ningeinuka kwenda kutafuta sukari, na sukari iko mezani.

Nilijiambia kwamba asubuhi ile alikimbia kwa sababu aliniamini. Nilijiambia kwamba nikimwonyesha kwamba vile vya kabla yake vilikuwa uongo, nitakuwa nimemharibia kitu. Kwa hiyo nilinyamaza mpaka tukamzika. Lakini tangu ujana wangu kuna jambo sikulielewa. Kwa nini siku ile hakuuliza maswali yake mengine?

Sasa nije kwenye kichwa cha mwaka huu.

Kilianza mahindi yakiwa usawa wa magoti, upande wa kulia, kwenye panja, kando ya jicho. Sikukiuliza kitu. Mimi niliyewauliza wanafunzi wangu wote maswali ya Zakayo kabla ya kuwaruhusu kwenda nyumbani, nilikiita uzee na kukiacha. Kisha kitana kikaanza kuniuma, si kwa kuvuta nywele, kwa kugusa tu ngozi. Kufunga kitambaa kukawa kazi. Nikitafuna nyama taya linachoka kama mguu uliopanda mlima. Nikipumzika linapona, nikitafuna tena linachoka. Nikamwambia Rispa, kitinda mimba wetu ninayeishi naye, kwamba nyama ya siku hizi ni ngumu.

Jumatatu nilikuwa nasoma Biblia dirishani. Pazia la kijivu likashuka kwenye jicho la kulia. Likakaa, kisha likapanda tena taratibu, maneno yakarudi kwenye ukurasa.

Na hapo nikamsikia Zakayo, si kama mzimu, kama mtu anayekumbukwa vizuri. Kwenye benchi alikuwa akisema kwamba mzee akija na kichwa ambacho hajawahi kuwa nacho maisha yake yote, huyo usimrudishe nyumbani na kidonge.

"Rispa, toa gari," nikasema.

"Mama, si unywe chai kwanza."

"Chai nitaikuta. Jicho sijui."

Daktari alikuwa msichana mdogo, mwenye sauti ya upole. Aliniuliza kimeanza lini, kiko upande gani, kitana kinauma, kutafuna je, jicho je. Karibu nilie, kwa sababu nilikuwa sijaulizwa namna ile tangu nilipokuwa msichana. Nilimjibu kila kitu, na safari hii hakukuwa na uongo hata kidogo. Alinigusa panja kwa kidole, akaukuta mshipa umevimba na kukakamaa kama uzi mnene. Akanieleza kwamba mishipa ya damu ya kichwani inaweza kuvimba kwa wazee, na uvimbe huo ukiachwa unachukua jicho, halafu unafuata la pili. Alisema hatangoja majibu yote. Atanitoa damu na kunianzishia dawa kali siku hiyo hiyo.

"Umefanya vizuri kuja leo, Mama," alisema. "Wengi wanakuja jicho likiwa limeshaenda."

Nilimeza vidonge, tukaambiwa tungoje. Tukakaa kwenye benchi, mimi na Rispa. Sikujua kama lile pazia litashuka tena na kukataa kupanda. Niliwaza kwamba huenda uso wa Rispa ndio uso wa mwisho nitakaouona vizuri, na sitaki kuutazama huku nikificha kitu.

"Rispa, kuna jambo kuhusu baba yako nimekuwa nikificha."

Akakumbatia mkoba wake. "Mama, tafadhali usiniambie kuna mtoto mahali."

"Hakuna mtoto. Ni kichwa."

"Kichwa gani?"

"Vile vichwa vya Ainabkoi. Vilivyokuwa vinanipeleka dispensari. Sikuwa naumwa. Nilikuwa nadanganya nimwone."

Akanitazama. Midomo ikaanza kumcheza. Kisha akacheka, mkono mdomoni, machozi yakimtoka, mpaka mzee aliyekaa karibu nasi akauliza kama tumepewa habari njema.

"Mama, hiyo si tunajua," alisema alipoweza. "Baba alituambia tukiwa shule. Sisi wote."

"Aliwaambia nini?"

"Alisema, mama yenu aliniletea vichwa vya kila aina, na kila kichwa kilikuja kimepakwa mafuta. Uso unang'aa, kitambaa kipya. Akasema, mtu wa kipandauso anaweza kutembea na jua hiyo yote akiwa amejipamba hivyo?"

Nilijiona nikiteremka njia ile, mafuta ya mgando kidogo kwenye kiganja, nikiyasugua mashavuni kabla ya kukata kona ya banda.

"Mbona hakuniambia?"

"Alikuwa anangoja umwambie mwenyewe. Ndiyo maana alikuwa anakutega pale mezani. Na wewe unakimbia kutafuta sukari." Rispa alijifuta macho. "Halafu alisema siku ile ya nyanya na Aunti Leah ulikuja na uso mkavu. Umepauka, hujapaka kitu. Akasema hakuhitaji kukuuliza habari za kichwa, ile ilikuwa ya kweli. Ndiyo akakimbia."

Uso mkavu.

Miaka yote niliamini kwamba Mama aliokoka kwa sababu nilikuwa nimemdanganya Zakayo vizuri. Aliokoka kwa sababu sikuweza kumdanganya hata mara moja. Vile vichwa vya uongo vilimfundisha uso wangu, na siku ulipobadilika aliuona kabla sijafungua mdomo.

Na ile stoo. Alinilaza gizani akijua. Ule mvuke wa mkaratusi, akijua. Alikaa ng'ambo ya ukuta akisimulia habari za ng'ombe kwa sauti kubwa ili nisikie, akijua. Nimemkasirikia tangu Jumatatu kwa furaha kubwa, na nikiamka usiku namkasirikia tena.

Asubuhi iliyofuata, kichwa kilikuwa kimepungua kama mzigo ulioteremshwa mgongoni. Jana kilikuwa kivuli. Leo hakipo. Daktari ameniambia vidonge hivi nitakuwa navyo kwa muda mrefu, nisiviache ghafla, na nitavimba uso kidogo. Nimekubali. Jicho limebaki.

Ninyi mnaoishi na wazee, waulizeni kama kitana kinawauma na kama kutafuna kunawachosha. Wakisema jicho limefifia hata kwa muda mfupi, msiwangoje wamalize chai. Na Julai hii, jiko la makaa likae nje, hata kama halitoi moshi. Mkiamka wote na kichwa, fungueni mlango, tokeni wote, kisha mtafute msaada.

Nami nimemaliza kuungama, ingawa niliyemfuata na ungamo alikuwa nalo tayari.

Moyo haujabadilika, bado ni ule uliochoka. Kwa hiyo, Rispa, kwa kuwa najua utasoma hapa kabla ya wengine, nina ombi moja. Siku ile ikifika, kabla hamjafunga sanduku, nipake mafuta usoni. Usiyabanie, yang'ae. Baba yako akiniona natokea, ajue kwamba siumwi popote. Nimekuja tu kumwona.